Bibi Titi Mohamed: Nguvu Iliyozaliwa Ngomani, Ikakosa Nafasi Ofisini

Tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata Uhuru, hapakuwa na mwanamke aliyejulikana nchini kumzidi Bibi Titi Mohamed, na ni wanaume wachache, ukimtoa Mwalimu Julius Nyerere, walioweza kukusanya watu kama alivyowakusanya yeye. Haikutimia miaka tisa kabla mwanamke huyohuyo hajasimama kizimbani jijini Dar es Salaam akishtakiwa kwa uhaini dhidi ya serikali aliyosaidia kuileta. Wasimulizi wengi hukipita kisa hiki kwa kutaja majina mawili tu, Azimio la Arusha na Oscar Kambona, kana kwamba hayo yanatosha kueleza kila kitu. Uchambuzi huu unaanzia nyuma zaidi, mahali ambapo nguvu ya Bibi Titi ilitoka, kwa sababu asiyeelewa chimbuko la nguvu hiyo hawezi kuelewa jinsi ilivyopotea.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Wamatumbi. Masomo yake ya shule yaliishia darasa la nne, na akiwa na umri wa miaka 14 tayari alikuwa ameolewa. Ukisoma maelezo hayo peke yake utadhani unasoma habari za mwanamke ambaye milango yote ilikuwa imefungwa mbele yake, na ndivyo serikali ya kikoloni ingemwona kama ingemtazama. Lakini mjini Dar es Salaam kulikuwa na dunia nyingine ambayo haikuwa na jalada katika ofisi ya mkuu wa wilaya, nayo ilikuwa dunia ya vikundi vya ngoma vya wanawake. Humo Bibi Titi alikuwa manju, mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba, na sauti yake ilikuwa ikijulikana pia katika maulidi.

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu neno ngoma linaweza kumdanganya msomaji wa leo akadhani tunazungumzia burudani tu. Kikundi cha ngoma katika mji wa pwani wa miaka ya 1940 na 1950 kilikuwa jumuiya iliyopangwa. Kilikuwa na viongozi wake, kilikuwa na michango yake, kilikuwa na sare zake, na kilikuwa na wajibu wake kwa wanachama pale mmoja wao alipofiwa, alipoozesha au alipougua. Mwanachama hakuulizwa kabila. Mmatumbi, Mzaramo, Myao, Mmanyema na Mdigo walikaa mkeka mmoja na kuimba kwa Kiswahili, wakashindana na kikundi cha mtaa wa pili ambacho nacho kilichanganyika vivyo hivyo. Kwa hiyo wakati wasomi wachache walipokuwa wakijiuliza namna ya kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia moja, wanawake wa Kariakoo, Ilala na Magomeni walikuwa wakiuishi umoja huo kila jioni bila kuupa jina la siasa.

TANU, chama kilichoongoza harakati za kudai Uhuru, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka wake wa kwanza ulikuwa mgumu. Kikwazo kimojawapo kilikuwa waraka wa serikali wa mwaka 1953 uliowakataza watumishi wa serikali kujihusisha na siasa. Kwa kuwa Waafrika waliosoma waliajiriwa zaidi na serikali, kundi lilelile lililotarajiwa kukiongoza chama ndilo lililofungwa mikono. Nyerere mwenyewe alilazimika kuacha kazi ya ualimu huko Pugu mwaka 1955 ili abaki na chama. Wengine wenye watoto wa kulisha hawakuweza kufanya hivyo, na hakuna sababu ya kuwalaumu.

Katikati ya mwaka huo wa 1955 alifika Dar es Salaam John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, akazungumza na viongozi wa TANU na kuuliza wanawake wa chama wako wapi. Swali hilo lilikuwa gumu kulijibu, kwa kuwa sehemu ya wanawake ilikuwa imetajwa tu, haikuwa na watu. Wazee wa chama wakamkumbuka Bibi Titi, ambaye yeye na mumewe Boi Selemani, dereva wa teksi, walikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo. Yeye pamoja na Tatu binti Mzee wakawa miongoni mwa wanawake waliojitokeza kuianzisha sehemu hiyo, na Bibi Titi akaongoza. Ni kweli kwamba mlango ulifunguliwa na mgeni aliyeuliza swali, na ni kweli vilevile kwamba wanaume wa chama walimhitaji mwanamke wa kumwonyesha mgeni huyo. Walichokipata hakikuwa cha maonyesho.

Baada ya kukabidhiwa kazi hiyo, Bibi Titi hakuanza kwa kuitisha mkutano wa hadhara na kusubiri nani atakuja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, wanawake aliowajua kwa majina, waliokuwa wapinzani wake katika uimbaji na wageni wake katika harusi. Kila kiongozi wa ngoma aliyekubali alikuja na watu wake wote, kwa sababu heshima yake kwao ilikuwa imejengwa kwa miaka, wala haikuhitaji kuombwa upya. Hadi kufikia Oktoba 1955, takriban wanawake 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Jambo hilo lilifanyika ndani ya muda wa miezi michache, katika chama ambacho hakikuwa hata na umri wa miaka miwili, nalo lilifanywa na mtu ambaye hakuwa na gari, mshahara wala karani.

Nafahamu kwamba katika maandishi mengi Bibi Titi huitwa mhamasishaji, na neno hilo hutumika kwa nia njema. Kwangu neno hilo linampunguza. Mhamasishaji huamsha hisia za watu kisha akaondoka, na kazi ya kuwapanga hubakia kwa mtu mwingine. Bibi Titi alikuwa mpangaji. Alijua ni nani aongee na nani, ni mtaa upi uanze, ni mwanamke yupi akikubali wengine ishirini watamfuata, na ni yupi akikasirika atabomoa kazi ya mwezi mzima. Huo ni ujuzi wa siasa uliokamilika, na alikuwa nao kabla TANU haijamjua. Tofauti ni kwamba haukuandikwa katika cheti chochote.

Kulikuwa pia na sababu ya kiuchumi iliyowafanya wanawake hao kuwa wanachama wenye thamani ya pekee. Wengi wao walijipatia riziki kwa biashara ndogondogo: kupika na kuuza vitumbua na maandazi, kutengeneza pombe, kupangisha vyumba. Fedha hizo zilikuwa zao wenyewe, na hapakuwa na mwajiri wa kuwafukuza kazi kwa kukutwa na kadi ya chama. Waraka wa serikali uliomtisha karani haukuwa na la kumfanya muuza vitumbua. Kwa hiyo serikali ilipodhani imeukata mguu wa TANU kwa kuwazuia watumishi wake, chama kilikuwa tayari kimesimama juu ya mguu ambao serikali haikujua kuwa upo. Wanawake hao waliuza kadi, wakachanga nauli za safari za viongozi, wakawapokea na kuwapikia wajumbe kutoka mikoani, wakajaza viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani.

Kisha akatoka nje ya mji. Pamoja na Nyerere, na mara nyingine bila yeye, Bibi Titi alizunguka nchi akihutubia. Hotuba zake zilikuwa na mwendo wa manju: kauli, kisha kituo kinachongoja kuitikiwa, kisha kauli inayorudi imebeba uzito zaidi. Mwanamke wa Kiislamu kutoka pwani, akisimama mbele ya wanaume na wanawake wa bara na kusema kwa Kiswahili kwamba nchi hii ni yetu, lilikuwa jambo ambalo watu walitembea mwendo mrefu kuja kuliona. Waliokuja kumshangaa walirudi na kadi. Lililo muhimu katika uchambuzi huu ni kwamba alikwenda na mbinu ileile ya Dar es Salaam, yaani kutafuta wanawake ambao tayari walikuwa na sauti katika jamii yao na kuwapa nafasi ya kuisema siasa kwa lugha yao.

Baada ya Uhuru vyeo vilikuja upesi. Alikuwa mbunge wa Rufiji, akawa waziri mdogo katika wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, akawa mjumbe katika vikao vya juu vya chama, na mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Si sahihi kusema, kama inavyosemwa mara kwa mara, kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika Bunge la nchi hiyo, kwa kuwa Sophia Mustafa alichaguliwa katika uchaguzi wa 1958 na wanawake wengine walikuwamo katika Bunge la mwanzo, akiwemo Lucy Lameck. Upekee wa Bibi Titi haukuwa katika kutangulia kuingia mlangoni. Ulikuwa katika idadi ya watu waliokuwa nyuma yake.

Lakini siasa yenyewe ilikuwa ikihama. Kabla ya Uhuru, chama kilikuwa mtaani na serikali ilikuwa ofisini, na ubora wa kiongozi ulipimwa kwa watu anaowaleta. Baada ya Uhuru chama na serikali viliingia ofisi moja, na kipimo kikageuka kuwa uwezo wa kusoma jalada, kuandika ripoti na kufuata utaratibu uliorithiwa kutoka kwa Waingereza, ambao sehemu kubwa yake uliendeshwa kwa Kiingereza. Mwanamke mwenye elimu ya darasa la nne aliyeweza kuhutubia umati akiwa na kichwa chake tu, sasa aliwekwa mbele ya meza yenye makaratasi. Serikali ilikuja kuagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote mapema mwaka 1967, mwaka uleule ambao Bibi Titi aliondoka katika uongozi. Laiti agizo hilo lingetolewa mwaka 1961.

UWT nayo ilikuwa na mgogoro wa aina hiyohiyo ndani yake. Sehemu ya wanawake ya TANU iliundwa kudai Uhuru, na ilipokuwa ikidai haikungoja kuelekezwa. UWT iliundwa kama jumuiya chini ya chama tawala, ikiwa na jukumu la kuwafikishia wanawake mipango iliyokwisha kuamuliwa: afya, kusoma na kuandika, malezi, ushonaji, ushirika. Hakuna ubaya katika hayo. Ila njia ya maneno ilikuwa imegeuzwa. Zamani yalipanda kutoka mtaani kwenda kwa viongozi, na sasa yalishuka kutoka kwa viongozi kwenda mtaani. Mtu aliyezoea kupandisha maneno hawezi kuridhika na kazi ya kuyashusha tu.

Dalili ya kwanza iliyo wazi ilikuja mwaka 1965. Katika uchaguzi huo wa kwanza wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walisimamishwa katika karibu kila jimbo wakitumia alama ya jembe na ya nyumba, na Bibi Titi akakosa kiti chake cha Rufiji. Wapo wanaolitumia tukio hilo kuthibitisha kwamba umaarufu wake ulikuwa umekwisha. Siafiki. Mwaka huo wapiga kura waliwaangusha hata baadhi ya mawaziri, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa na wizara ya fedha, na sababu ya jumla ilikuwa kwamba watu wa majimboni walimtaka mtu wanayemwona. Bibi Titi alikuwa mtu wa Dar es Salaam aliyepewa jimbo la Rufiji huku kazi zake zote zikimweka mjini na safarini. Watu waliomjua kwa kina walikuwa Kariakoo, wala hawakuwa wapiga kura wake.

Kisha likaja Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Masharti yake ya uongozi yalimtaka kiongozi wa chama au serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Na masharti hayo yalimhusu pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakukubali kuziacha, akaacha uongozi.

Hapo ndipo hukumu nyingi dhidi yake hutolewa, na ndipo nadhani kisa hiki kinahitaji kutazamwa kwa uangalifu kuliko mahali pengine popote. Nia ya masharti yale ilikuwa njema na ilikuwa na sababu. Miaka sita baada ya Uhuru wananchi walikuwa wakiona viongozi wakijilimbikizia mali kwa kasi iliyotisha, na chama kilichohubiri usawa hakikuweza kunyamaza. Simpingi Mwalimu katika hilo. Lakini sheria inayowahusu wote kwa maneno yaleyale inaweza kuwaangukia kwa uzito tofauti. Kiongozi aliyekuwa na elimu alipoachana na nyumba zake alibaki na mshahara, na mbele yake pensheni, na zaidi ya hapo taaluma ambayo ingemlisha popote. Mwanamke wa mjini asiye na cheti hakuwa na lolote kati ya hayo.

Zaidi ya hapo, nyumba katika Dar es Salaam ya wakati ule haikuwa na maana moja. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na uwani nyuma, ilikuwa ndiyo akiba ya mwanamke aliyefanikiwa. Benki haikumtaka, shamba lilikuwa mbali, na ndoa ingeweza kuvunjika siku yoyote. Mwanamke aliyeuza pombe au vitumbua kwa miaka kumi aliinua ukuta, akapangisha chumba, na kodi ya chumba hicho ndiyo iliyomfanya aweze kusema ndiyo au hapana bila kumwogopa mtu. Walioikusanyia TANU fedha mwaka 1955 walizipata kwa njia hiyohiyo. Kwa maneno mengine, masharti ya Arusha yaliita unyonyaji kitu ambacho kilikuwa kimewapa wanawake wa kundi la Bibi Titi uhuru wa kujiunga na siasa. Sidai kwamba waliotunga masharti walikusudia hivyo. Nadhani hawakulifikiria, kwa kuwa mtu waliyemwona akilini walipokuwa wakiandika neno kiongozi alikuwa mwanamume mwenye mshahara.

Na bado mtu anaweza kujibu kwamba kiongozi wa kitaifa hana budi kutoa mfano hata kama unamgharimu zaidi. Jibu hilo lina uzito, na Bibi Titi mwenyewe hakuomba aachiwe cheo pamoja na nyumba. Alichagua kimoja na kukiacha kingine hadharani, jambo lililohitaji ukweli wa nafsi.

Yaliyofuata yalikuwa mazito. Oscar Kambona, aliyekuwa mmoja wa viongozi wakuu wa TANU na serikali, aliondoka nchini katikati ya mwaka 1967 na kuishi London. Mwezi Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa, na mwaka 1970 ikaanza kesi ya uhaini, ya kwanza ya aina yake katika nchi huru, ambamo yeye alikuwa mwanamke pekee miongoni mwa washtakiwa. Pamoja naye alikuwepo Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa Waziri wa Kazi na kiongozi wa wafanyakazi, pamoja na maofisa wa jeshi. Kambona alitajwa kuwa kiongozi wa njama. Kesi ilisikilizwa na Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mzaliwa wa nchi za Karibi, kwa siku 127. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha PAC cha Afrika Kusini, aliyeeleza kwamba alishirikishwa katika mpango huo na akaifahamisha serikali. Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha maisha.

Kuipima upya hukumu hiyo si kazi ya uchambuzi huu, kwa kuwa anayetaka kufanya hivyo inampasa kuupitia ushahidi wote wa siku hizo 127. Linalohusu hoja yetu ni hili: alipofikishwa kizimbani, hapakuwa na chombo chochote cha kumsemea. Wanawake waliomfuata mwaka 1955 walikuwa sasa ni wanachama wa UWT, jumuiya aliyoianzisha yeye, nayo ilikuwa chombo cha chama kilichokuwa kikimshtaki. Vikundi vya ngoma vilikuwa vimemezwa na siasa, na vile vilivyobaki vilikuwa vikiimba katika sherehe za serikali. Mtandao uleule aliousuka kwa mkono wake ulikuwa umekabidhiwa kwa chama, na chama hakikuwa na utaratibu wa kumrudishia hata uzi mmoja.

Alitolewa kifungoni mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais, akaishi miaka mingi bila cheo na bila kutajwa. Watoto walisoma historia ya Uhuru shuleni wakamaliza bila kulisikia jina lake, au wakalisikia kwa kunong'onezwa nyumbani. Mambo yalianza kubadilika polepole, na Tanzania Bara ilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru mwaka 1991, gazeti la chama lilimtaja tena miongoni mwa mashujaa wa harakati hizo. Alikuwa na umri wa miaka 65. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 akiwa hospitalini Johannesburg, mwaka mmoja na siku chache baada ya Mwalimu.

Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Inapita upande mmoja wa viwanja vya Mnazi Mmoja, na upande wa pili wa viwanja hivyo ni Mtaa wa Lumumba, ilipokuwa ofisi ya TANU. Kati ya ofisi ile na barabara hii ndipo waliposimama wanawake wa 1955, wamevaa sare za ngoma zao, wakimngoja manju aanze.